Fadhila ya Punda Isiwe Mateke: Staha kwa Wanaotutunzia Programu Huria



 Tunapenda kuwaalika mfikiri pamoja nasi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao. Kwa hakika linamgusa kila anayechapa barua, anayeandika nota za kwaya kwa kompyuta, anayetunza hesabu za kikundi chake au anayeshika simu mkononi. Jambo lenyewe ni namna tunavyosema na watu wanaotengeneza na kutunza programu huria kwa kujitolea.

Tuseme msimamo wetu mapema ili msomaji asitutafute katikati ya maneno. Lugha ya staha kwa watu hawa ni sehemu ya nguzo zinazoishikilia nyumba tunamolala sote, na asiyeliona hilo huidhania kuwa pambo tu. Mahali ambapo staha imekosekana, watu wema wamechoka na kuondoka. Na walau mara moja, kama tutakavyoona, mwovu alilipitia pengo hilohilo akakaribia kuingia katika kompyuta nyingi za ulimwengu.

Programu huria na watunzaji wake

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani yale maelekezo ambayo fundi huyaandika ili kompyuta ijue la kufanya, umewekwa wazi. Mtu yeyote ameruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU kwa nia hiyo. Mwaka 1991 kijana mmoja wa Finland, Linus Torvalds, akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwatangazia wenzake kuwa anatengeneza mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu. Mfumo huo ndio Linux, na leo kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android.

Hata kwetu Afrika Mashariki matunda ya kazi ya namna hii si mageni. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili, kwa sababu tu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi na kila mtu aliruhusiwa kuutafsiri. Katika mwaka huohuo ulianza kubuniwa mfumo wa OpenMRS wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ukitokana na mahitaji ya huduma kwa waishio na virusi vya UKIMWI mjini Eldoret, Kenya. Walimu wetu wa kwaya wanaoandika nota kwa MuseScore, na makatibu wanaochapa mihutasari kwa LibreOffice, wote wanakula katika sinia hilohilo.

Yatupasa hapa kuwa waangalifu tusije tukapotosha. Si kila anayeandika programu huria hufanya hivyo bila ujira. Miradi mikubwa kama Linux ina waandishi wengi wanaolipwa mishahara na makampuni. Lakini chini ya ile mikubwa imo midogo isiyohesabika, kila mmoja ukitunzwa na mtu mmoja, wawili au watatu, usiku baada ya kazi ya mchana, watoto wakiwa wamelala. Ile mikubwa huitegemea hii midogo kama vile paa linavyoitegemea misumari.

Mwezi Aprili mwaka 2014 ulimwengu ulishtuka kusikia habari za Heartbleed, hitilafu iliyokuwamo ndani ya OpenSSL. Hiyo ni programu inayofunga siri za mawasiliano ya intaneti, na benki, maduka na serikali nyingi ziliitegemea. Watu walipouliza ni nani hasa anayeitunza, walikuta kikundi kidogo mno, mwajiriwa wa kudumu mmoja tu, na michango ya hiari ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Mabilioni ya fedha yalikuwa yanapita juu ya daraja ambalo walinzi wake hawakupata hata nauli.

Mteja aliyejivika ufalme

Sasa tuutazame mwenendo wetu sisi watumiaji. Katika biashara tumezoea kusikia kuwa mteja ni mfalme. Amelipa, basi ana haki ya kudai. Bidhaa ikiwa mbovu atairudisha, na muuzaji atanyenyekea ili asimpoteze. Tabia hiyo tunaibeba hadi mahali isipostahili. Tunapakua programu ambayo hatukuinunua, inatugomea siku ya tatu, nasi tunamwandikia mtunzaji kana kwamba ni mtumishi wetu aliyekula mshahara wa bure. "Programu yenu ni takataka." "Imekuwaje kitu rahisi namna hii kiwashinde?" "Nimesubiri wiki mbili, lini mtatengeneza?"

Anayeandika hivyo mara nyingi si mtu mbaya. Kioo cha kompyuta hakimwonyeshi aliye upande wa pili. Angeuona uso uliochoka, angeona saa ya ukutani imefika sita ya usiku, angesikia mtoto analia chumba cha pili, ulimi wake ungejirudi. Lakini haoni kitu ila jina la programu na sanduku la kuandikia, hivyo anadhani anasema na kampuni yenye jengo na mapokezi.

Wengi wenu mnajua uchungu wa jambo hili kwa upande wa pili. Mwalimu wa kwaya anayejitolea huacha shughuli zake jioni tatu kwa juma. Siku ya sikukuu wimbo mmoja ukienda kombo, hukutana mlangoni na watu watano wa kumlaumu, wala hamwoni aliyekuja hata mara moja kumsaidia kunakili nota. Katekista wa kigango naye hutembea jua na mvua, kisha akachelewa siku moja akasemwa mwezi mzima. Wazee wetu walikwisha kuliona hilo waliposema kuwa fadhila ya punda ni mateke. Tofauti ni kwamba mwalimu wa kwaya hulaumiwa na watu watano anaowafahamu, ilhali mtunzaji wa programu yaweza kumfikia lawama kutoka mataifa hamsini kwa siku moja, asimfahamu hata mmoja wa wanaomlaumu.

Tena programu hizi hutolewa zikiwa na hati ya leseni, na karibu zote husema waziwazi kuwa zinatolewa kama zilivyo, bila dhamana yoyote. Mtoaji ametamka tangu mwanzo: nimekupa nilichonacho, ukikiona kinafaa kitumie. Aliyepokea kwa masharti hayo hana msingi wa kugeuka kuwa mdai.

Tutoe mfano mmoja wa kweli. Daniel Stenberg wa Sweden ndiye mwanzilishi wa curl, programu ya kuhamisha data iliyopewa jina hilo mwaka 1998, ambayo leo imo ndani ya mabilioni ya vifaa: simu, televisheni, magari na kadhalika. Mwezi Januari mwaka 2022 alipokea barua pepe kutoka kampuni kubwa ya kibiashara. Wiki chache nyuma, Desemba 2021, ilikuwa imegunduliwa hitilafu ya hatari katika programu nyingine iitwayo Log4j. Kampuni ile ilimpa Stenberg orodha ya maswali juu ya hitilafu hiyo na kumtaka ajibu katika muda wa saa 24. Curl haitumii Log4j kabisa, na kampuni ile haikuwa imemlipa lolote wala haikuwa na mkataba naye. Yeye alijibu kwa upole kwamba angefurahi kuyajibu maswali yote mara tu watakapotia sahihi mkataba wa huduma.

Jibu hilo linatufundisha mambo mawili. La kwanza, mtu anayejitolea hana wajibu wa kukimbizwa na saa ya mwingine. La pili, staha haimzuii mtu kusema ukweli. Stenberg hakutukana, aliwaonyesha tu kwamba wamebisha mlango usio wao kwa sauti isiyofaa.

Ijumaa Kuu ya mwaka 2024

Kama jambo hili lingekuwa la kuumizana mioyo tu, pengine baadhi ya wasomaji wangesema kwamba mafundi nao wajikaze. Basi na tusimulie habari ya XZ.

XZ Utils ni programu ndogo ya kubana mafaili ili yachukue nafasi kidogo. Mtumiaji wa kawaida haioni kamwe, lakini imo katika mifumo mingi ya Linux inayoendesha seva za dunia. Kwa miaka mingi mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja wa Finland, akiifanya kazi hiyo kwa hiari. Mwaka 2021 mtu aliyejitambulisha kwa jina la Jia Tan alianza kuleta marekebisho madogo yenye manufaa. Mwaka uliofuata, 2022, zikaanza kufika barua za lawama kutoka kwa watu wenye majina mengine, ambao hawakuwa na historia yoyote ya kuusaidia mradi. Walimwambia mtunzaji kwamba mradi umedumaa, kwamba amepoteza hamu, na kwamba hakuna kitakachosonga mbele mpaka apatikane mtunzaji mwingine.

Mwezi Juni mwaka huohuo mtunzaji alijibu kiungwana. Alisema hakupoteza hamu. Uwezo wake ulikuwa umepungua kutokana na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili na mambo mengine. Akakumbusha kuwa huu ni mradi wa hiari usiolipwa. Ndugu zetu, mtu akifikia kuyasema hayo mbele ya wageni, inatosha kumfanya mwenye moyo anyamaze. Badala yake alipewa pole ya midomoni na kuambiwa ajue mipaka yake, akabidhi kazi kwa mwingine. Na huyo mwingine alikuwa amesimama karibu, mpole, mchapakazi, tayari kusaidia: Jia Tan. Taratibu akapewa mamlaka ya kutoa matoleo.

Mwezi Februari na Machi mwaka 2024 yalitoka matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yakiwa na mlango wa siri ndani yake. Mwenye ufunguo wa mlango huo angeweza kuingia kutoka mbali katika seva zilizotumia matoleo hayo na kufanya atakalo. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kuingia katika mifumo ya majaribio, yakielekea kusambaa kote. Aliyeiokoa hali ni mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund. Katika kazi zake nyingine alishangaa kuona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakuipuuza nusu sekunde hiyo. Alichimba mpaka akauona mlango, akautangazia ulimwengu tarehe 29 Machi 2024, siku ambayo sisi tulikuwa tunaadhimisha Ijumaa Kuu.

Wachunguzi wengi wanaamini kwamba zile barua za lawama na yule msaidizi mpole vilikuwa vitu vya mpango mmoja, na majina yote yalikuwa ya bandia. Sasa tujiulize: kwa nini hila ile ilifaulu kwa kiasi kile? Ilifaulu kwa sababu barua za lawama hazikuonekana kuwa za ajabu. Mtunzaji yeyote wa programu huria amekwisha kupokea barua za namna hiyo kutoka kwa watu wa kweli wasio na nia mbaya. Mwovu hakuhitaji kubuni silaha mpya. Aliokota ile tuliyoizoea, akaielekeza mahali alipotaka. Kama desturi yetu ingekuwa kuandika kwa staha, barua zile zingeng'aa kama kitambaa chekundu kondeni, na pengine mtu angejitokeza kumtetea yule mwenzetu na kumwambia: "Pumzika, tutakusaidia kukagua kazi."

Staha ni kazi, si maneno matamu tu

Tunaposema staha hatumaanishi kumpaka mtu mafuta kwa chupa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko kuna hatua zake. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mwalimu wa kwaya anaandika maneno ya wimbo chini ya nota, na programu inalikata neno "kung'aa" vibaya kila inapokutana na ile alama ya king'ong'o. Anaweza kuandika hivi:

"Programu yenu haijui Kiswahili. Nimepoteza usiku mzima. Rekebisheni haraka, tuna sikukuu Jumapili."

Au anaweza kuandika hivi:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa programu hii, kwaya yetu huitumia kila juma. Nimekutana na tatizo ambalo sikuliona katika orodha ya matatizo yaliyokwisha kuripotiwa. Natumia toleo jipya mnalolitoa sasa, kwenye Windows. Nikiandika neno lenye alama ya ' katikati, kwa mfano kung'aa, neno hukatwa mahali pa alama. Nilitarajia silabi ng'a yote ibaki pamoja. Nimeambatisha faili fupi lenye mstari mmoja linaloonyesha tatizo. Nipo tayari kujaribu marekebisho mkihitaji."

Barua ya kwanza ina hasira na haina habari hata moja ya kumsaidia fundi. Kwa kuisoma hajui ni toleo gani, kompyuta gani wala neno gani. Atalazimika kuuliza, na muda wa kuuliza ni muda ambao angerekebisha. Barua ya pili imembebea nusu ya mzigo. Angalieni kwamba shukrani ndani yake ni sentensi moja tu. Heshima iliyobaki imo katika kazi aliyoifanya mwandishi kabla ya kuandika. Ametafuta kwanza kama tatizo limekwisha kusemwa. Ametaja alichofanya, alichotarajia na kilichotokea. Amelitenga tatizo moja asichanganye matano. Kisha amejitolea kurudi.

Kwetu staha huanza na salamu ndefu: hujambo, watoto hawajambo, habari za nyumbani. Kwa mafundi hawa, ambao kila asubuhi hukuta barua nyingi, salamu moja yatosha, na heshima kubwa ni kutowapotezea muda. Tukiziunganisha adabu hizi mbili, yaani upole wa kwetu na ufupi wa kwao, tutakuwa wageni wanaopendwa popote. Asiyejua lugha ya kigeni vizuri asione haya. Aandike sentensi fupi zilizonyooka. Watunzaji wengi nao lugha hiyo wamejifunza shuleni.

Zipo pia adabu za baada ya kuandika. Usipojibiwa, ngoja, ukikumbusha, kumbusha mara moja kwa upole. Usimfuate mtu katika anwani zake binafsi wakati mradi umeweka mahali pa kuandikia. Ukijibiwa "hapana", pokea. Mtoaji wa zawadi ana haki ya kuamua zawadi yake itakuwa na nini, na leseni imekupa ruhusa ya kuuchukua msimbo na kuubadili utakavyo, wewe mwenyewe au fundi utakayemlipa. Na tatizo likitatuliwa, rudi useme kwamba limetatuliwa. Katika wakoma kumi wa Injili alirudi mmoja tu. Sisi tuliokwisha kuisikia habari hiyo mara nyingi tuna udhuru gani wa kuwa miongoni mwa wale tisa?

Siku hizi umeingia utovu mwingine wa adabu. Wapo wanaoiagiza akili mnemba iwatungie taarifa za hitilafu, kisha wanazituma bila hata kuzisoma, wakitumaini kupata zawadi ya fedha. Stenberg tuliyemtaja ameeleza hadharani, mwaka 2024 na 2025, jinsi taarifa hizo ndefu, zenye lugha tamu na zisizo na ukweli, zinavyowala muda watunzaji wa curl. Hizi zinatuonyesha kwamba lugha nzuri peke yake si staha. Barua yenye maneno ya heshima, ambayo mwandishi wake hakujisumbua hata kidogo, ni dharau iliyovishwa kanzu.

Upande wa pili wa meza

Haki inatudai tuseme na watunzaji pia. Kujitolea hakumpi mtu kibali cha kuwadhalilisha wengine. Kwa miaka mingi Linus Torvalds alisifika kwa kazi yake na kuogopwa kwa kalamu yake, kwa maana aliwaandikia wenzake maneno makali mno kazi yao isipompendeza. Mwezi Septemba mwaka 2018 aliomba radhi hadharani kwa mwenendo huo, akajitenga na kazi kwa majuma kadhaa ili apate msaada wa kuelewa hisia za watu, na mradi ukapata kanuni mpya za mwenendo. Aliporejea mwezi Oktoba, Linux ilikuwa inaendelea vema. Wale waliodhani kwamba ukali ndio uliojenga ubora walipaswa kufikiri upya.

Mgeni anayeuliza swali ambalo limekwisha kujibiwa mara mia, kwake ni mara ya kwanza. Kuuliza si ujinga. Kumjibu kwa kejeli kwaweza kumfukuza kijana wa Songea au Kisumu ambaye baada ya miaka mitano angekuwa mtunzaji mwenza. Sentensi moja ya "tazama ukurasa huu, ukikwama rudi" haina gharama kubwa kuliko tusi.

Je, aliyeathirika asilalamike?

Kuna pingamizi moja ambalo hatuwezi kulipita kimya. Msomaji atasema: "Baba, hospitali ikitegemea programu, na programu ikaharibika, mgonjwa anaumia. Je, katibu wa hospitali aandike kwa unyenyekevu na kungoja miezi?"

Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba uzito wa haja unatupa haki ya kueleza, tena kwa uwazi na upesi. Sema kwamba wagonjwa wameathirika, sema ni wangapi, sema lini mnahitaji njia ya muda. Yote hayo yaweza kusemwa bila tusi. Lakini uzito wa haja yetu hauugeuzi muda wa mtu mwingine kuwa mali yetu. Taasisi inayoweka maisha ya watu juu ya programu fulani ina wajibu wa kuandaa msaada kabla ya siku ya shida: kuajiri fundi, kuingia mkataba na wanaotoa huduma hiyo, au kuchangia mradi wenyewe. Baada ya Heartbleed mwaka 2014 makampuni makubwa yalikusanya fedha kupitia Linux Foundation kwa ajili ya miradi ya namna hiyo. Walifanya vema, ingawa walifanya baada ya nyumba kushika moto. Asiyetaka kulipa kabla, akamkaripia mtu wa kujitolea baada, amewatwisha wanyonge mzigo wake mara mbili.

Wala hatukubaliani na wanaosema kuwa shukrani huwalewesha watu, wakitumia ile methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyo anauza tembo lake. Huyu wa kwetu hauzi. Ametundika kibuyu njiani kila apitaye anywe. Ukimnyima hata neno la asante, siku moja utapita ukute kibuyu hakipo, au utakuta kimejazwa na mtu usiyemjua, na kilichomo hukijui.

Tunamalizia kwa ombi dogo. Katika juma hili kila mmoja wetu aichague programu moja huria anayoitumia, atafute mahali ambapo watunzaji wake hupokea barua, awaandikie mistari mitatu: yeye ni nani, anaitumia kwa kazi gani, na kwamba anashukuru. Asiombe kitu chochote katika barua hiyo. Mwenye ujuzi ajitolee kutafsiri au kujaribu matoleo mapya. Na kamati zetu zinapopanga bajeti ya vifaa vya ofisi, zitenge kiasi kidogo kwa ajili ya programu tunazozipata bure, kwa maana zimemgharimu mtu fulani usingizi wake.